Mchumba Wangu Alifungua Wavu, Mashine Ikala Vidole Vyangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mmoja. Mimi ni Mkenya wa Busia, naishi ng'ambo ya mpaka, Bwaise, kwa dada yangu. Mkono wangu wa kulia una vidole viwili. Vingine vililiwa na mashine... lakini mashine siilaumu!

Nilifanya kazi katika kiwanda cha mabeseni kule Nakawa. Kazi yangu ilikuwa kulisha mashine: kumimina punje za plastiki mdomoni mwake bila kukoma, ziyeyuke, zitoke mabeseni. Juu ya mdomo huo palikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia mikono.

Msimamizi wetu, Ronald, alikuwa mchumba wangu. Alishafika kwetu, akala kuku wa mama, akaitwa mkwe. Ningemshuku vipi?

Kisha kiwanda kikaanza kutumia plastiki kuukuu iliyosagwa. Vipande vikawa vinakwama kwenye wavu, mabeseni yanatoka na matundu, wakubwa wanamfokea Ronald. Asubuhi moja akaufungua wavu kwa mikono yake mwenyewe!

"Ikikwama sukuma na mkono, mpenzi," akaniambia. "Mimi niko hapa, unaogopa nini?"

Sikuogopa. Nilipenda!

Haikupita wiki, chuma kinachozunguka mle ndani kikanasa glavu yangu. Nilipiga yowe... Ronald alikuwa nje, anaongea na simu.

Hospitalini nilimngoja kwa hamu. Alikuja na meneja, akasimama mbali na kitanda changu. Meneja akauliza ni nani aliyetoa wavu.

"Ni yeye, bosi. Nilimkataza. Huyu mama ni mkaidi sana."

Huyu mama! Mimi aliyekuwa akiniita mke wangu! Nilitaka kusema, machozi yakatangulia. Nikafukuzwa kazi kabla kidonda hakijakauka.

Nilipopata nafuu nilikwenda kusimama getini. Msichana aliyechukua nafasi yangu alipotoka, nilimuuliza kama wavu umerudishwa.

"Bado, dada. Ronald anasema wewe ulikuwa mzembe."

Nikafungua bandeji. Kesho yake, nasikia, aligoma kulisha mashine, na wenzake wakagoma naye, mpaka wavu ukarudishwa.

Ndugu zangu, mapenzi yasiwazibe macho kazini! Anayekupenda kweli hakutumi kuweka mkono pale ambapo wake hauweki. Akikuambia usiogope, muulize mbele ya watu wote: mbona huanzi wewe? Mimi sikuuliza. Sasa dada yangu ndiye anayenifunga vifungo vya blauzi.