Loki ya Bibi Altagrasi

Kila siku saa moja kamili asubuhi, Islande alimpelekea mama yake kidonge na kikombe cha maji. Tangu mdogo wake Jodel azaliwe, alikuwa na kazi ya pili: kumshika mtoto huyo kichwa wakati mama akimdondoshea dawa ya maji mdomoni kwa bomba dogo lisilo na sindano. Jodel alikunja uso kama mzee aliyelamba ndimu, na Islande akacheka kila mara.

Mama Rozelini hakumficha bintiye. "Nina virusi vya UKIMWI," alimwambia alipokuwa mjamzito. "Nikimeza dawa bila kukosa, na mtoto akipewa yake, atasalimika. Miezi sita ya kwanza ataonja ziwa langu na dawa yake tu, hata maji hapana. Ila habari hii ni yangu, nitawaambia watu mwenyewe."

Jodel alipotimiza siku tatu, Bibi Altagrasi alishuka kutoka milima iliyo juu ya mji wa Jakmel, kapu kichwani, akiimba tangu njia panda. Mama alikuwa uani akioga maji ya majani, kama wanawake wote wa huko wakijifungua. Bibi alimpakata mjukuu, akampigia vigelegele, kisha akatoa chupa.

"Haya, mume wangu, unywe loki yako," alisema. Ilikuwa mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na kungumanga na kitunguu saumu. Kule kwao, mtoto asiyesafishwa tumbo kwa loki huhesabiwa kuwa ametupwa.

Islande alikumbuka: hata maji hapana! Afanyeje, na siri si yake?

"Bibi, ameshapewa!" alidanganya.

"Loki ya mjini? Maji matupu hayo! Basi nitamwongezea vijiko viwili."

Lo! Uongo ulikuwa umezidisha dozi. Bibi alipoinua kijiko, Islande alimchukua Jodel, akamkumbatia kifuani.

"Makubwa! Wewe mke mwenza, lini yai likamfundisha kuku? Nimelea saba kwa loki hii!"

"Nisamehe, Bibi, nilikudanganya. Hajapewa, na asipewe. Nesi Ketli wa kliniki amekataza kila kitu ila ziwa na dawa yake. Sababu siwezi kuisema, ni ya mama. Nipige ukitaka, lakini simtoi." Machozi yalimtiririka, ila mikono haikulegea.

Mama alitokea mlangoni, majani yamemganda kwenye nywele. Alikuwa amesikia yote. Alikaa karibu na Bibi, akamweleza kila kitu, tangu siku alipopimwa kliniki akiwa na mimba ya miezi mitatu.

"Vyakula na dawa za kienyeji huchubua utumbo wa mtoto mchanga, Mama, na virusi vikapata njia," alimalizia.

Bibi aliweka kijiko chini. Kisha akalia, akamvuta bintiye begani. "Miezi yote hiyo umebeba peke yako, mwanangu? Mimi nimekufa?" Akajifuta kwa kitambaa cha kichwa, akaitazama ile chupa. "Na mafuta yangu mazuri haya nimpe nani? Basi nitayapaka magoti yangu!"

Walicheka mpaka Jodel akaamka.

Bibi hakurudi mlimani. Kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Dawa tayari?" Jirani akija na kikombe cha chai ya majani kwa ajili ya mtoto, Bibi aliinywa yeye.

Wiki ya sita Jodel alipimwa, na majibu yalipofika, wote wanne walikwenda kliniki. Nesi Ketli alifungua karatasi huku akitabasamu. "Hana virusi! Tutaendelea kumpima mpaka baada ya kuachishwa ziwa, kwa hiyo msilegeze kamba."

Bibi alicheza ukumbini hadi wajawazito waliokuwa foleni wakampigia makofi. Islande alijaribu kucheka, akajikuta analia.

"Nesi, mimi nilianza kwa kudanganya," alinong'ona, akamsimulia habari ya loki.

Nesi alimshika bega. "Na uongo wako ulitaka kumnywesha vijiko viwili. Dawa ilifanya kazi yake, na mama yako akafanya yake kwa kuja kliniki mapema. Lakini dawa haina mdomo, Islande. Siku ile ilihitaji mtu wa kusema kweli mbele ya mkubwa, kwa adabu, bila kutangaza siri ya mwenzake. Mtu huyo alikuwa wewe."

"Mke mwenzangu huyo!" Bibi alipaza sauti kwa foleni nzima. "Mnamwona? Aliniambia hapana!"