Nakala ya Dereva

Saa saba mchana.

Chumba cha nyuma cha karakana ya kuchomelea vyuma. Wanaume wanne, meza moja. Bosi alikuwa na mpango kichwani na bastola kiunoni. Simu nne zilibeba programu ileile iliyoibwa, na kila simu ingefungua mlango mmoja wa ghala la dhahabu.

"Kila mtu kapakua yake?"

"Tayari," alisema Fundi, mtu wao wa kompyuta. "Kila nakala ina namba yake. Ikivuja, tunajua imetoka kwa nani."

"Na ikichezewa?"

"Faili lina alama yake, kama ya kidole. Alama isipolingana na niliyoiandika kabla hamjapakua, ujue kuna mkono wa mtu."

Bosi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Fundi akavimba kichwa.

"Kaka kwa kujionyesha!" Dereva alicheka. Alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na Fundi ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii chafu.

Saa nane.

Fundi alihamishia nakala zote kwenye kompyuta, akazikagua. Ya Bosi, sawa. Ya Nondo, mvunja makufuli, sawa. Yake, sawa. Ya nne ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. Alitaka kufunga kompyuta, lakini Bosi alikuwa ameshainama begani kwake, anaisoma namba.

"Ya Dereva hii. Bwana mdogo, umetuuza?"

"Mimi? Sijagusa kitu, Bosi! Kaka, mwambie basi!"

"Bosi, subiri kidogo, niangalie vizuri..."

"Uangalie nini? Si umesema mwenyewe kuna mkono wa mtu?"

Risasi moja. Dereva alianguka.

"Kazi imekufa. Tawanyikeni," alisema Bosi. Nondo alimfuata nje, macho chini.

Fundi alibaki sakafuni, kichwa cha mdogo wake mapajani. Alipoinua macho kwenye skrini, aliona kitu ambacho angekitazama kwanza kama asingekuwa na haraka ya kuonekana bingwa: ukubwa wa faili. Nakala ya Dereva ilikuwa ndogo kuliko nyingine. Mtandao ulikatika kabla haijamaliza kushuka, basi. Hakuna aliyeichezea.

Akaichukua simu ya marehemu, akabonyeza "Endelea kupakua". Kipande kilichobaki kilishuka mara moja. Akaihamishia kwenye kompyuta, akakagua upya.

Alama ikalingana. Fundi akaangua kilio, wala hakujali nani atamsikia.