Aliyejibu Fishi za Thabit

Ghanima alikuwa na mazoea ya kusoma fishi kwa sauti na kunyamaza kidogo baada ya kila moja. Alasiri ile, katika kile kimya, mtu akamjibu.

Kunyamaza huko kulikuwa desturi yake na kaka yake, Thabit. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa uzamivu wa historia katika kampasi ya Mutanga, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kupitia yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya biashara ya ziwani kabla ya wao kuthubutu kuandika neno. Kila kitabu kilikuwa na fishi yake, kadi ndogo yenye jina la mwandishi na alichosema. Mmoja anasoma, mwingine anabisha. Kisha mwaka 1995, vita vikiwa mjini, Thabit alitoka nyumbani Rohero asubuhi kwenda kampasi, hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Ghanima akabaki na fishi za watu wawili, na nafasi ya mbishi akaiacha wazi kwa mapenzi. Hata mtoto wa madrasa angemwambia kwamba nafasi tupu haikosi mgeni, lakini msiba humpumbaza hata msomi.

Sauti ilikuwa ya Thabit, na ule mkwaruzo wake wa kifua. Ilisema polepole kwamba mwandishi wa fishi ile amekosea. Chumba kikanuka udongo uliolowa, na ilikuwa Julai, kiangazi kikavu.

Mama yao, Bi Mwanne, alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Tangu msiba, chakula kilikuwa hakimshuki. Aliingia, akamimina kikombe cha tatu, akakiweka mbele ya kiti kitupu, akaketi akitabasamu.

Basi ikawa hivyo kila alasiri. Siku za ville morte, mji mzima umefungwa na risasi zikisikika upande wa Kamenge, wao walikuwa chumbani wakibishana juu ya chumvi na samaki wakavu. Mama alianza kucheka tena. Lakini mwili wake ulikuwa ukiisha, bangili zikamteleza hadi kwenye kiwiko, na shuka zake zikanuka udongo ule ule. Ghanima alikwenda mtaa wa Buyenzi kwa Maalim Moosa, ambaye alimweleza kwa kunong'ona kwamba jini wa namna hiyo hali nyama, hula kungoja kwa mtu, na kungoja kukiisha, mtu naye ameisha.

Hata hivyo Ghanima aliogopa. Itakuwaje akimfukuza kaka yake mwenyewe?

Aliyemfumbua macho ni msimamizi wake chuoni, Profesa Herménégilde, tena bila kujua. Alimrudishia sura ya kwanza ya tasnifu yake, akamwonyesha kwamba waandishi wake wengi walisema jambo moja kwa sababu wote walinakili kwa mmoja.

"Kupitia maandishi si kuhesabu sauti," alisema. "Muulize kila mmoja: wewe unajua nini ambacho hukukipata kwa wengine? Asiye na jibu, muondoe."

Njiani kurudi alianza kukumbuka alasiri moja baada ya nyingine, na kila neno lililotoka kwenye kile kiti lilikuwa tayari limeandikwa kwenye fishi, au limelala kichwani mwake, au moyoni mwa mama yake, na sauti ile, pamoja na mkwaruzo wake wote, haikuwahi kuwapa hata chembe ya jambo wasilolijua.

Siku iliyofuata alimleta Maalim, akamwacha barazani, akaingia. Hakusoma fishi.

"Thabit, umelala wapi?" aliuliza. "Tuambie, tukuzike."

Harufu ya udongo ikazidi hata ikawaziba pumzi.

"Tukuzike," kiti kikajibu, kwa sauti ya Ghanima mwenyewe.

Ghanima akamshika mama yake mkono. "Mama, umesikia? Hajui kitu. Si yeye. Maalim iko inje."

Bi Mwanne hakushtuka.

"Najua si yeye," alisema. "Mi nilimuzaa, nilijua siku ya kwanza. We uko na vitabu vyako. Mi sina kitu ingine ya kusikia. Muache aongee, mutoto wangu."

Ghanima alilia sana. Alijua mwisho wake, na hakuweza kumnyima mama sauti ile. Alitoka akamwomba Maalim arudi kesho. Kesho yake alimwomba vivyo hivyo, na siku zilizofuata, na Maalim hakumlaumu. Alikaa barazani akisoma Yasini kwa sauti ya chini, huku ndani mama anacheka.

Alasiri ya mwisho mama alimwegemea Ghanima begani katikati ya kicheko. Alikuwa mzito na baridi, na mdomo wake umefumbwa. Kicheko chake kiliendelea, kikitoka kwenye kiti.

Maalim aliingia bila kuitwa, akasoma mpaka chumba kikanyamaza. Kisha wanawake wa Buyenzi wakaja na maji na sanda. Safari hii kulikuwa na mwili wa kuosha.