Nondo wa Matete ya Kibenga

Jumanne asubuhi, kabla ya saa mbili, Orpha alivuta droo ya chini ya kabati la nondo na kukuta mdudu asiye wake.

Kisanduku kilikuwa kilekile, chenye kifuniko cha kioo. Kikaratasi kilichochomwa chini ya mdudu kilikuwa cha mwandiko wake: Kibenga, matete ya ukingo wa ziwa. Lakini nondo aliyekaa juu ya pini alikuwa yule wa kahawia anayejigonga kwenye balbu za veranda mji mzima. Wake alikuwa wa rangi ya majivu, mbawa za mbele zimekatwa na mstari mwembamba wa rangi ya mawese, papasi zake za kichwani zina meno kama kitana. Hakuna kitabu duniani kilichokuwa na nondo huyo.

Hakupiga kelele. Alimpigia simu mkurugenzi, na mkurugenzi akawapigia polisi.

Inspekta Fabiola alifika saa tatu. Kituo cha utafiti wa wadudu kilikuwa nyumba ya zamani huko Kibenga, na ziwa sasa lilikuwa limefika nyuma ya ukuta wake. Mkurugenzi alimpokea mlangoni, akamnong'oneza kwamba kabla ya kutafuta mwizi ni vizuri aulize kwanza kama kweli kulikuwa na kitu cha kuibwa. Alhamisi angefika mtaalamu kutoka Ubelgiji kumwona nondo kwa macho yake. Picha zilikuwepo, ndiyo, ila siku hizi picha hutengenezwa. Huenda binti alikuwa ameiona aibu ikija.

Fabiola aliliweka neno hilo akilini, akaanza na Orpha.

Alimwuliza kwa nini asikamate mwingine. Orpha alionyesha dirishani. Mahali palipokuwa na matete palikuwa na maji matupu.

"Ziwa limeyakula, afande. Nimerudi na taa pale kwa mtumbwi, mwezi muzima. Hakuna hata mumoja."

Akaeleza jinsi kazi yake inavyokwenda. Jina la mdudu mpya hufungwa kwenye mwili wa mdudu mmoja, na mwili huo hutunzwa, ili hata baada ya miaka mia moja mwenye kubisha aje auangalie. Maelezo yake alikwisha kuyaandika: mishipa ya mbawa, vinyweleo vya miguu, hata mdomo ambao nondo huyo hana, kwa sababu akishatoka kwenye kifukofuko hali tena. Bila mwili, alikuwa ameeleza ndoto.

"Na asipopatikana?" aliuliza Fabiola.

"Basi hakuishi. Na mi ni muongo."

Fabiola alimtazama na hakuweza kuamua. Waongo wengi aliowahoji walilia vizuri kuliko huyu.

Mlinzi, Twahiru, mtu wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa na ufunguo wa mlango mkubwa. Aliapa kwamba baada ya kufunga hakuingia mtu. Alipoulizwa kama aliwahi kumwona huyo nondo, alikunja uso.

"Wallahi, afande, mi nalinda mulango. Huyo mududu siwezi kumutofautisha na yule anaanguka mu chai yangu."

Lakini alikumbuka jambo. Jumatatu alasiri alikuja Monsieur Salem, mfanyabiashara, akaingia hadi kwenye makabati, na alipotoka alikuwa na kisanduku kwapani.

Fabiola alipanda Kiriri, mtaa wa mlimani alikokaa Salem. Salem alikuwa wa ukoo wa Kiarabu uliofanya biashara mjini tangu enzi za babu zake. Ukuta wa sebule yake ulijaa vipepeo ndani ya fremu za kioo, na fremu moja ilikuwa tupu.

"Karibu, mama," alisema. "Umekuja kuwakamata? Hawa hawakimbii tena."

Hakuficha kwamba alimwomba Orpha yule nondo. Binti alimtazama kana kwamba ameombwa mtoto wake. Kisanduku kilikuwa cha halwa aliyowapelekea watu wa kituo. Papa Cirimwami, mtafiti mzee wa pale, ana ugonjwa wa sukari, binti hakuwa na hamu, basi akarudi nayo. Alikileta. Halwa ilikuwa imebaki nusu. Fremu tupu ilikuwa kazi ya sisimizi waliomla kipepeo wake.

"Na yule wa kijivu, afande, nilimuomba kabla sijamuona. Nilipomuona nikasema, bora halwa."

Fabiola alicheka, kisha akasogea ukutani kuwakagua vipepeo kwa karibu. Wote walikuwa wamegandishwa kwa gundi. Hakukuwa na pini hata moja. Hilo halikumsafisha Salem, lakini inspekta alishuka mlima akifikiria pini.

Alasiri alikaa na Papa Cirimwami. Huyu alitoka Bukavu, na kwa miaka thelathini hakushughulika na kitu kingine ila mbawakawa, wale wadudu wenye ganda gumu mgongoni. Ndiye aliyemfundisha Orpha kazi. Alimvutia inspekta kiti, akamwonea huruma binti, akasema Salem ni mtu wa kuangaliwa. Fabiola akamwomba amwonyeshe wadudu wake.

Mzee alibadilika. Alifungua masanduku yaliyopangwa safu kwa safu, weusi, wa kijani, wengine wakubwa kama kidole gumba.

"Angalia vizuri. Pini inaingia mu ubawa wa kuume, kila mara. Katikati ndipo maganda yanaachana. Ukitoboa pale yanafunguka, mududu ameharibika. Mukono wangu hauombi tena macho."

"Na nondo?"

"Nondo ni ya mutoto wangu Orpha. Mi sigusi yale mavumbi."

Fabiola alishukuru, akarudi peke yake kwenye kabati la nondo. Alivuta droo zote, moja baada ya nyingine. Kila nondo wa Orpha alichomwa pini katikati ya kifua. Kisha akamwinua yule wa kahawia kwenye mwanga wa dirisha. Akamshusha polepole, akamwambia Twahiru awaite watu.

Walikusanyika katika chumba cha makabati: mkurugenzi, Orpha, Cirimwami, na Twahiru akiwa amesimama mlangoni. Fabiola aliweka kisanduku mezani. Alisema asubuhi alimshuku Orpha, na mkurugenzi akaangalia viatu vyake. Lakini Orpha angetaka kudanganya, angemchoma mdudu kama anavyowachoma wote. Salem, mtu wa gundi, angeshindwa hata kuishika pini. Twahiru asingejua kwamba kikaratasi lazima kihamishwe kwenye pini mpya.

"Huyu amechomwa kifua upande wa kuume," alisema. "Kama mbawakawa. Aliyefanya hivi alikuwa na haraka, akauachia mkono ufanye kazi uliyoizoea. Papa, ni mukono wa nani?"

Mzee alisema macho yamechoka, hamwoni vizuri huyo mdudu.

"Najua hujamuharibu," Fabiola aliendelea, kwa sauti ya chini. "Wala hujampeleka kwako Kamenge. Mbawa kavu zile hazipandi basi. Ni sanduku gani?"

Cirimwami aliinuka mwenyewe. Kutoka droo ya mwisho, nyuma ya mbawakawa wakubwa, alitoa kisanduku kidogo, na mikono yake haikutetemeka. Mstari wa mawese ulikuwa pale. Papasi moja ilikuwa imeanguka, imelala chini kama uzi.

"Mbawakawa wangu wote nilituma Ulaya," alisema. "Walirudi na majina ya watu wengine. Ernestine, bibi yangu wa ndoa, ndiye alikuwa ananishikia taa kule mulimani, mu baridi, mu mvua. Amekufa. Hata kadudu kamoja hakana jina lake."

Aliyasema mengine bila kusukumwa. Mtaalamu angekuja, asione kitu, aondoke. Orpha angeiacha kazi hiyo. Baadaye yeye angetangaza kwamba amekamata nondo mpya, na kumpa jina la Ernestine.

"Na mi?" aliuliza Orpha.

"We uko kijana. Ungepata mwingine."

"Ungeniomba, Papa. Ungesema tu."

"Muzee anaomba mutoto namna gani?"

Orpha alisema nondo atabaki na jina la Kibenga. Matete yamezama, na hakuna kitu kingine kitakachosema kwamba yalikuwepo. Hakulisema kwa hasira, na labda ndiyo maana mzee aliinamisha kichwa.

Twahiru aliuliza kama aite gari la polisi. Fabiola alisema ndiyo. Lakini Orpha alimgeukia inspekta: papasi ile lazima irudishwe kabla unyevu wa ziwa haujailegeza, na vidole vyake mwenyewe leo havifai; Papa airudishe kwanza. Alinyoosha mkono ili kutetemeka kwake kuonekane.

Inspekta alifikiri, kisha akaitikia.

Cirimwami aliketi. Alichovya ncha ya pini kwenye gundi, tone dogo kuliko punje ya ulezi, akainua papasi kwa kibano. Orpha alisimama juu yake, karibu kiasi kwamba ilimbidi azuie pumzi. Miaka yote aliyojifunza kwenye meza ile, alikuwa akimtazama mdudu, na mikono akiiamini. Safari hii hakumtazama. Aliitazama mikono ya mzee, yote miwili, wala hakupepesa macho mpaka ilipomwachia nondo.