Moshi wa Pumba

Mwanakheri alikuwa bado anapima unga wa watu wawili. Akishasonga ugali ndipo anapokumbuka kwamba atakula peke yake. Mjukuu wake, Mwanaidi, alishachukuliwa na mama yake kwenda Magole kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Nyumba yao ya kijijini Mabwerebwere ikawa kimya mno, na upweke ulimwuma Mwanakheri.

Mbele ya nyumba palikuwa na kinu cha kukoboa mpunga. Nyuma ya kinu lilikuwepo lundo la pumba linalofuka moshi siku zote. Wakulima waliwalaumu watu wa kinu. Watu wa kinu waliwalaumu wafugaji, maana nao huchoma mavi ya ng'ombe. Wafugaji hawakumlaumu mtu, kwani hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mwishowe mjumbe wa nyumba kumi aliwaita wote kwenye ofisi ya TANU. Mwanakheri akakaa mwisho wa benchi. Yeye hakuja kwa ajili ya maneno, alitaka mjukuu wake arudi.

Lakini maneno yalikuwepo, tena ya kumwaga. Stefano, msimamizi wa kinu, aliapa kwamba wafanyakazi wake hawajawahi kuwasha pumba. Watu wakaguna. Ndipo Paulo, bwana afya, alipomgeukia anayeishi karibu na lundo kuliko wote.

"Shikamoo, mama. Moto ule huwashwa na nani?"

"Marahaba." Mwanakheri alitazama mikono yake. "Ni mimi, mwanangu. Kila jioni napeleka kaa la moto pale. Moshi unafukuza mbu. Nilikuwa namkinga mtoto na homa."

Hakuna aliyecheka. Wanawake kadhaa waliinama, maana nao walikuwa na makaa yao. Machozi yalimlengalenga Mwanakheri. Kumbe mtoto aliondolewa na moto wa bibi yake mwenyewe.

Paulo hakumkaripia. Alieleza kwamba chembe za moshi ni ndogo sana, huingia mpaka kwenye mapafu, na watoto ndio huumia zaidi. Mbu wazuiwe kwa chandarua, na madimbwi yafukiwe.

"Sawa, na pumba nizipeleke wapi?" Stefano aliuliza. "Zinakaribia kuziba mlango."

Nalangu, mama wa Kimasai aliyesimama karibu na dirisha, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Kwetu mavi yamejaa bomani. Tunachoma kwa kukosa pa kuyapeleka. Yachukueni."

Paulo akatabasamu. Pumba na mavi, alisema, vikichanganywa shimoni, vikamwagiwa maji na kufunikwa udongo, huoza vikawa mbolea. Shamba la ujamaa lilikuwa limechoka, kila mtu alijua. Wakakubaliana: kinu kitoe mkokoteni, wafugaji watoe mavi, wakulima wachimbe mashimo mbali na nyumba na visima. Asiwashe mtu tena pumba wala mavi.

Mwanakheri ndiye aliyemwaga ndoo ya kwanza ya maji juu ya lundo.

Hewa ikasafika, lakini nyumba ilibaki tupu. Nalangu alipita mara kwa mara na maziwa, wakakaa pamoja. Masika yakaja, mahindi ya shamba la ujamaa, yaliyotiwa mbolea ile, yakasimama mabichi na manene.

Ndipo Mwanaidi alipoletwa. "Akikohoa tu, namrudisha Magole," mama yake alionya.

Siku zikapita, mtoto hakukohoa. Mama yake akarudi Magole peke yake. Jioni ile Mwanakheri alizima makaa yake kwa maji, akatundika chandarua, kisha wakala na mjukuu wake. Alikuwa amepima unga wa watu wawili, na ugali uliisha wote.