Jicho la Kushoto la Machteld

Mambo haya yalimkuta Machteld, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Delft, na nilikuwepo.

Ilikuwa asubuhi ya jua, siku ya kufua. Mumewe Joost, muuza vitambaa, aliniita dirishani kwao. Alikuwa na hadubini aliyoitengeneza mwenyewe ya kukagulia nyuzi za kitani: ushanga wa kioo mdogo kama punje, umebanwa kati ya vibati viwili vya shaba. Nyuma ya ushanga alikuwa ameweka mrija mwembamba wa kioo wenye maji ya mfereji.

"Sogeza mpaka kope ziguse, Neeltje. Haya, tazama."

Nikatazama. Vidudu! Vinazunguka, vinapigana vikumbo kama watu sokoni.

"Ala! Na bia yetu inapikwa kwa maji haya haya?"

"Ndiyo maana umenenepa," Joost akacheka.

Machteld akatoka jikoni akijifuta mikono. Tangu barafu ya mfereji ilipopasuka chini ya binti yao Aaltje, akazama, majira ya baridi yaliyopita, hakuwa mtu wa maneno. Aliichukua hadubini, akaielekeza kwenye jua. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akanong'ona:

"Kofia imemvuka."

"Nani?"

"Mwanangu."

Joost akampokonya, akachungulia. Vidudu tu.

Tangu hapo Machteld hakubanduka dirishani. Mkate aliowekewa ulikauka mezani. Maji yakipungua mrijani alikuwa akiyaongeza upesi, eti mtoto asikaukiwe.

"Anakuja," aliniambia. "Kila siku yuko karibu zaidi."

Nilimwonea huruma. Nikamwomba nitazame, angalau nimtulize moyo. Heri nisingetazama. Vidudu vyote vilikuwa vimejibanza pembeni. Katikati peupe kabisa. Vilikuwa vimempisha mtu.

Huyo mtu sikumwona. Niliona maji yakitikisika tu. Kidogo. Tena kidogo. Yakija upande wangu.

Nikaitupa hadubini mapajani mwake, nikamkimbilia Joost dukani. Alirudi mbio. Akaung'oa ule mrija, akaurusha motoni. Maji yakachemka, yakaisha.

"Basi!" alipiga kelele. "Basi, mke wangu, imekwisha!"

Machteld hakulia. Alikuwa akitabasamu, kidole kimegusa jicho lake la kushoto.

"Umechelewa, baba Aaltje. Ameshatoka."

Jicho lile halikukauka tena. Akila, chozi. Akisali, chozi. Lilikuwa la baridi. Lilinuka mfereji.

Alifariki kabla majani hayajapukutika. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Jicho la kushoto lilikuwa kavu. Nikashusha pumzi, nikatazama chini. Kwenye ubao wa sakafu, kando ya kitanda, palikuwa na unyayo mmoja wa maji. Wa mtoto.

Joost aliupiga randa. Ukarudi. Akaumwagia majivu ya moto. Ukarudi. Akahamia kwa dada yake Leiden, akaniachia funguo.

Siku hizi mabwana wenye nywele za bandia huja kutoka mbali kuchota maji ya mfereji, huchungulia, huchora vidudu, hubishana mpaka jua linazama. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za nyumba yao.

Miaka imepita mingi. Unyayo haujakauka, hata katikati ya kiangazi. Na unakua.

Juzi nilivua kiatu, nikaukanyaga.

Ulinitosha.