Hodi ya Tatu

Maji ya mtungi yaliganda adhuhuri, mwezi wa Julai, ndani ya Maskati, siku ambayo kuku walikuwa wakihema midomo wazi chini ya ngazi. Bakhita alitia kata, kata ikagonga. Akatia tena, ikagonga. Alipochungulia akaona utando mweupe wa barafu, na palepale ikamjia harufu ya sufu iliyoloa, kama ya kondoo aliyenyeshewa. Nyumba ile haikuwa na hata feni, seuze friji.

Kabla hajaita mtu, mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Sauti ya mwanamume, changamfu, yenye kicheko ndani yake. Bakhita alifungua mdomo kuitikia. Mumewe, Ishaq, aliyekuwa kajilaza ukumbini, akaruka akamziba kwa kiganja.

"Usiitikie," alinong'ona. "Nakuomba, usiitikie."

"Hodi!" Ya pili ilikuwa taratibu zaidi. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya mbali, kama inatoka chini ya kisima. Halafu kimya. Muungwana hupiga hodi tatu, asipoitikiwa, hurudi. Na huyu akarudi. Bakhita alipofungua mlango, uchochoro ulikuwa mtupu, na kizingitini pana alama mbili za viatu vya misumari, zimejaa maji.

Ikawa hivyo siku tatu. Siku ya nne Bakhita, ambaye hakuzaliwa na subira, alimwekea mumewe kikombe cha chai mbele yake, akasema, "Ile sauti naijua. Ilikuja harusini kwetu ikala pilau sahani tatu. Ni sauti ya Harub. Sasa sema, au leo nakwenda kwetu."

Ishaq akasema.

Walipokimbia Unguja mwaka wa sitini na nne, yeye na Harub walipata ubaharia katika meli ya mizigo. Harub alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Masouda, na mume wa Bi Masouda alikuwa kazikwa Unguja mwaka uleule. Mama hakutaka kumtoa mwanawe. Ishaq ndiye aliyemshika mkono akamwambia, "Huyu ni amana kwangu. Nitakurejeshea mwenyewe."

Mwaka wa sitini na sita, mwezi wa Juni, meli iliharibika katika bandari moja ya kaskazini ya mbali kabisa, nchi ya Wanorwe. Siku kumi za kungoja. Fundi mmoja wa pale akawaambia kuna hifadhi ya taifa karibu, milima na barafu kongwe, watu huenda kutembea kwa miguu.

"Wazungu, bwana!" Harub alicheka. "Wanabeba mizigo, wanapanda milima, na wala hakuna anayewafukuza!"

Lakini wakaenda. Walitembea siku mbili, wamevaa viatu vya misumari na fulana za sufu za kuazima, wakifuata mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, juu ya kuvumwani, uoto mfupi wa kijivu uliobonyea kama godoro, wakipishana na wanyama wenye pembe kama matawi makavu. Walilala kwenye kibanda cha magogo. Saa sita ya usiku jua lilikuwa dirishani, limekaa juu ya kilele kama mgeni asiyejua kuaga. Harub alisali kwa kutazama saa ya mkononi. Ishaq aliacha.

Siku ya tatu wakafika kwenye barafu lenyewe. Lilijaza bonde zima kama mto uliosimama, samawati ndani ya nyufa zake, na lilikuwa likipasuka ndani kwa ndani kama bunduki za mbali. Mlinzi wa kibanda alikuwa kawaambia: jifungeni kamba viunoni, na msiifungue mpaka mkanyage mwamba. Ishaq aliifungua zimebaki hatua ishirini. Ilikuwa imemchosha, basi. Hakuna sababu nyingine.

"Theluji ikafunguka chini ya Harub," alisema, chai imempoa mbele yake. "Hakufa mara moja, Bakhita. Alikuwa chini, simwoni. Akanifanyia mzaha! 'Hodi wa huko juu!' Mie nikaogopa nikisema ukingo utakatika. Sikuitikia. Akapiga ya pili. Ya tatu ilikuwa ndogo. Nikakimbia kutafuta watu, na tuliporudi pameziba."

"Na mama yake ukamwambia nini?"

"Kuwa kapata kazi huko. Kuwa huenda akaoa huko."

"Miaka miwili!" Bakhita alisimama. "Miaka miwili yule bibi anamshonea mwanawe kofia, na weye unakwenda kula kwake Idi!"

Walikwenda kwa Maalim Thani, mganga wa majini aliyejulikana mji mzima kwa kutotaka maneno mengi. Aliwasikiliza akichambua ubani.

"Maiti hatembei," alisema. "Hili ni jini la kule, limeiokota sauti iliyotupwa. Na kwa kuwa limezoea mchana usiokwisha, litakuja mchana. Kombe la aya za kunywa halitalitoa. Mwambieni mama. Asaliwe mwanawe, akae matanga, amlilie. Sauti iliyoliliwa haina pa kukaa. Lakini jini lisiitikiwe kabla. Likiitikiwa, limekaribishwa, na mimi sina dawa ya mgeni aliyekaribishwa."

"Nitamwambia kesho," alisema Ishaq.

Kesho yake alikwenda na tende, akarudi bila kusema. Keshokutwa yake akasema ana homa. Uwoga una kalenda yake.

Alhamisi, adhuhuri, Bi Masouda akaja mwenyewe, mkononi kashika kofia iliyobakia ukingo tu kumalizika.

"Majirani wananiambia mwanangu anabisha kwenu kila mchana," alisema, "na nyinyi hamumfungulii. Kakukoseeni nini?"

Bakhita alitazama mtungi, na mtungi ulikuwa ukitoa moshi mweupe.

"Hodi!"

Bi Masouda aligeuka, uso wake wote ukawa wa msichana. Bakhita akamwahi, akampigia magoti, akamshika mikono yote miwili, na maneno yakamtoka kwa pamoja, kuwa si yeye, mama, Harub kafa, kafa miaka miwili, kaanguka katika barafu la mlimani na Ishaq alikuwapo na hakuitikia, na huyo aliye mlangoni ni jini lenye sauti yake tu, lia, mama, mlilie mwanao sasa hivi, usiseme neno jingine lolote, na wakati akisema hayo hodi ya pili ikapita juu ya maneno yake, taratibu, na ukumbi ukawa baridi mpaka pumzi zao zikaonekana.

Bi Masouda hakulia. Alimgeukia Ishaq.

"Aliita, usimwitikie?"

"Sikumwitikia, mama."

Hodi ya tatu ilikuja ndogo, ya mbali, kutoka chini kabisa.

"Basi mimi nnamwitikia," alisema Bi Masouda. "Karibu, baba. Karibu mwanangu."

Mlango ulifunguka wenyewe. Hakuingia mtu. Bi Masouda alitoka, akainua mkono kama anayevisha kofia kichwa kirefu kuliko chake, kisha akashika uchochoro kuelekea kwake, polepole, kwenye jua lile la kuchoma macho.

Bakhita alimsindikiza kwa macho mpaka konani. Mvuke ulikuwa ukimtoka yule bibi mdomoni kila apumuapo. Na kando yake, juu kidogo, pasipo na mtu, ulitoka mvuke mwingine.